Safari ya Bibi Kwenda Kuomba Radhi

Juma lililopita nilikwenda Wembley, London, kukabidhi funguo za nyumba ya mama. Mnunuzi, kijana mmoja mwenye mke na mtoto mchanga, alinikuta nimesimama jikoni, akaniuliza kama kuna kitu nimesahau. Nikamwambia hapana. Nilikuwa natazama tu ile kona ya dirishani alipokuwa akikaa bibi yangu, mzaa mama, akichambua dengu. Akiona mdudu, alimpandisha polepole juu ya kipande cha karatasi, akatoka naye mpaka bustanini, hata siku ya theluji. Mama akimwambia, "Huko nje si atakufa kwa baridi?" Bibi akijibu, "Akifa, afe. Lakini si kwa mkono wangu."

Pengine wewe hujapata kukaa na Mjaini, mfuasi wa ile dini ya Kihindi inayokataza kuua kiumbe chochote. Unguja walituita Mabanyani tu, jina moja na Wahindu, nasi hatukubishana. Lakini bibi alikuwa na mashariti yake. Nyama, samaki na mayai hayakuingia nyumbani. Hakula pia kitu cha kung'olewa ardhini na mizizi yake: kitunguu, thomu, karoti, mbatata, muhogo. Hebu fikiri, mtu akae Unguja miaka thelathini asionje muhogo wa nazi! Bajia zake alizipika kwa ndizi mbichi, na mpaka leo bajia za mbatata naziona ngeni. Wala hakula baada ya jua kutua. London wakati wa baridi jua linatua kwenye saa kumi, basi nilikuwa nikirudi skuli nikakuta sahani yake imeshaoshwa na yeye anatazama giza la dirishani kama mtu aliyefungiwa mlango.

Unguja waliondoka baada ya Mapinduzi. Babu alikuwa na duka la vitambaa, likaenda, naye hakudumu. Alifia Dar es Salaam hata mwaka haujatimia. Mimi nilizaliwa huko Dar, nikaletwa London nikiwa mdogo wa kubebwa. Nyumbani, Kigujarati kilikuwa lugha ya kusali na kugombezana. Kiswahili kilikuwa cha jikoni, cha utani, cha siri. Bibi alinilea kwa Kiswahili. Alikuwa akisema ndiyo lugha pekee aliyojifunza bila ya kuchapwa.

Kila mwaka, mwishoni mwa siku zetu za kufunga, ilikuwa desturi kuombana radhi. Bibi aliichukua desturi hiyo kwa uzito wote. Alivaa sari nyeupe, akazunguka akiunganisha viganja mbele ya kila mtu: mama, baba, mimi, jirani yetu Mjamaika, hata muuza maziwa. "Kama nimekukosea kwa mawazo, kwa maneno au kwa matendo, unisamehe." Jirani yule alikuwa akimkumbatia na kucheka. Lakini jioni yake bibi alikuwa akilia jikoni, kila mwaka. Nilipomuuliza mama, alinijibu, "Kuna mtu mmoja hajamfikia."

Mwaka niliotimiza miaka kumi, likizo ya Pasaka, bibi alitaka kwenda India. Mama na baba walikuwa kiwandani wote wawili na ruhusa hawakupata. Bibi hakujua kusoma Kiingereza. Basi nikapelekwa mimi, niwe macho yake.

Nakumbuka joto la Bombay lilivyotupokea mlangoni mwa ndege, na treni iliyotupeleka Gujarat siku nzima, viti vya mbao, vumbi jekundu kwenye meno. Bibi alikuwa amefungasha mikate mikavu ya viungo, mfuko mzima, maana hakuamini chakula cha njiani. Tukila, tukitazama mashamba ya pamba yakipita. Hapo ndipo aliponieleza tunamfuata nani.

"Nina dada," alisema. "Mkubwa wangu kwa miaka minne. Babu yako alikuwa mchumba wake, si wangu."

Nikamtumbulia macho.

"Walikuja watu wa upande wa bwana harusi, mwanamke mmoja na mumewe, waje wamtazame. Dada alikuwa na makovu ya ndui usoni. Mama yetu akamketisha gizani, mtandio umeshushwa mpaka kidevuni. Mimi nikapeleka maji. Yule mwanamke akaniuliza, 'Dada yako mzuri?' Nikamwambia, 'Ana matundu uso mzima.'"

"Kwa nini ulisema?"

"Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Walimletea dada sari nyekundu, mimi sikuletewa kitu." Akakung'uta makombo kwenye sari. "Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Wakaondoka. Baada ya miaka mitatu wakarudi, wakanichukua mimi. Dada hakuposwa tena. Mwaka niliopanda meli kwenda Unguja, yeye aliingia utawa."

Mtawa wa Kijaini haachi nyumba tu. Huachana na viatu, na fedha, na magari. Nywele zake hung'olewa kwa mkono, unywele kwa unywele. Hutembea peku kijiji hadi kijiji, akiomba chakula, na kufagia mbele yake kwa ufagio laini wa sufu asije akakanyaga kiumbe. Dada yake bibi alitembea hivyo tangu ujana wake, mpaka magoti yalipomshinda, akawekwa na watawa wenzake katika nyumba moja ya Palitana, chini ya mlima wetu mtakatifu.

Tulimkuta asubuhi. Alikuwa ameketi sakafuni juu ya kipande cha blanketi, mdogo kama mtoto, kichwa hakina unywele, kimeunguzwa na jua, kitambaa cheupe kimefunika mdomo asije akameza mdudu. Juu ya kitambaa niliyaona makovu. Bibi aliinama mpaka paji la uso likagusa sakafu, nami nikafanya vivyo hivyo.

"Mmetoka wapi?" mtawa aliuliza kwa Kigujarati.

"London."

"Na kabla ya London?"

"Unguja."

Mtawa kijana aliyekuwa akishona pembeni aliinua macho, akayashusha.

"Dada," bibi akasema, "mimi ndiye niliyesema. Siku ile ya wageni. Hukupata kujua nani aliyewaambia. Ni mimi."

"Hapa hapana dada," alijibu yule mtawa mkongwe, bila ukali. "Siku nilipotoa nywele, baba, mama na ndugu niliwaacha. Nawasamehe viumbe wote, na viumbe wote wanisamehe."

Hayo ndiyo maneno ya sala yetu. Hata mimi niliyajua kwa moyo. Bibi akatikisa kichwa.

"Sitaki ya viumbe wote. Nataka yangu."

"Aliyekosewa hayupo tena. Nikisema kwa niaba yake nitakuwa nimesema uongo."

"Basi sema uongo!"

Sijapata kumsikia bibi akipaza sauti, kabla ya siku ile wala baada yake. Mtawa kijana akasimama. Yule mkongwe hakusogea, ila nilikuwa nimekaa karibu, na nilikiona kitambaa kilivyokuwa kikiingia na kutoka mdomoni mwake, upesi upesi, kama mtu aliyekimbia. Kisha akafungua kitabu chake cha sala, akakiinamia. Tulikaa mpaka jua likahamia ukuta wa pili. Hakutuangalia tena.

Kesho yake tulipanda mlima. Ngazi zake ni zaidi ya elfu tatu, na juu kabisa kuna mahekalu mengi, meupe, yamebanana kama mji. Alfajiri mawe yalikuwa baridi chini ya nyayo. Wachukuzi wa machela walitufuata, wakimwita bibi, "Mama, panda, mama." Akakataa. Alipanda akihesabu sala kwenye vidole. Jua lilipotoka ngazi zikaanza kuchoma, na nilipotazama nyuma nikaona kila alipokanyaga pameachwa alama ndogo ya damu. Nikalia, nikamvuta sari.

Tulikuwa tumeshapita nusu. Minara ilikuwa inaonekana, na kengele zilikuwa zinasikika. Bibi akaketi kwenye ngazi, watu wakitupita.

"Turudi," akasema.

"Tumekaribia, bibi."

"Nikifika huko nitaomba nini?"

Tukashuka. Mwanamke aliyetumikia dini maisha yake yote, aliyeweka nadhiri ya mlima ule tangu siku aliyoondoka Unguja na sanduku moja, alishuka nusu ya njia, na siku iliyofuata hakutaka hata kuutazama.

Mama alitupokea uwanja wa ndege akiwa bado na nguo za kiwandani. Hakuuliza habari za safari. Aliuliza, "Amekusamehe?"

Bibi alinitazama mimi kwanza. Halafu akasema, "Amenisamehe."

Mama akalia pale pale, mbele ya watu, kwa furaha. Mimi nikainamia mizigo. Nilikuwa nimefundishwa na bibi huyo huyo kwamba uongo ni dhambi ya mdomo, na sikujua nifanye nini na nilichokijua. Nikamchukia kidogo. Mtoto hukasirika zaidi anapovunjiwa sheria na aliyemfundisha.

Tangu hapo alizidisha kufunga. Siku moja kwa juma, kisha mbili, kisha maji ya moto tu. Mama alisema bibi amerudi na nuru ya mlimani. Nilimwona anavyokonda, nikanyamaza.

Siku ya kuombana radhi ikafika. Nilikuwa sebuleni na rafiki yangu wa skuli, msichana wa Kizungu, tunatazama televisheni. Ilikuwa mara ya kwanza kumleta nyumbani, na tayari nilikuwa naona haya kwa harufu kali ya hingi, kiungo cha dengu, iliyotoka jikoni. Bibi akaingia na sari yake nyeupe. Hakusimama kama miaka mingine. Alipiga magoti mbele yangu, kwenye zulia, akaunganisha viganja. Rafiki yangu akacheka kwa pua.

"Wewe ulikuwepo," bibi alisema kwa Kiswahili. "Nimekubebesha mzigo usio wako. Nisamehe, mwanangu."

Nilimjibu kwa Kiingereza, macho yangu yakiwa kwenye televisheni. "Not now, Bibi."

"Haya," akasema. Ilimchukua muda kuinuka. Alishika mkono wa kochi, mimi nisimshike.

Alifariki mwezi wa pili, kwa homa ya mapafu. Wodi ile haikuruhusu watoto. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini, na muuguzi mmoja akaniletea biskuti. Nilimwuliza kama zina mayai. Akasema hajui. Nikazila zote.

Mwaka jana mama naye aliugua, na safari hii hapakuwa na wa kunizuia mlangoni. Jioni moja, bila ya kuulizwa, alisema, "Angalau bibi yako alikufa ameshasamehewa. Hilo hunipa raha." Kisha akanigeuzia uso. "Alimsamehe kweli, sivyo? Wewe ulikuwepo."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nilisikia kwa masikio yangu."

Akanishika mkono, akalala.

Sasa nimebaki peke yangu ninayejua. Jirani wa Jamaika amekwenda, kiwanda kimevunjwa, na muuza maziwa hapiti tena mtaa wowote. Wanangu nikiwasemesha Kiswahili wananielewa vizuri, wananijibu Kiingereza, nami siwalaumu; nilianza mimi. Ila kuna siku nikiwa kwenye basi nasikia mtu nyuma yangu anamwambia mwenzake, kwa lafudhi ya Unguja kabisa, "Haya, mwanangu," na nashuka kituo kisicho changu, nikangoja pumzi irudi.