Viti vya Papa Ilunga Vilipokuwa Uani

Katika parokia yetu, mimi ndiye niliyekabidhiwa kumtembelea Papa Ilunga, mzee mgonjwa wa mtaa wa Katuba. Jana, padri aliposema atakwenda kumpaka mafuta ya wagonjwa, nilikimbia nimtangulie. Nikakuta viti vyote vya saluni, yaani sebule yake, viko uani, kama tunavyovitoa mtu akifa. Nilijitupa chini, nikapiga kilio cha kusikika mtaa mzima:

“Papa, unisamehe! Nilimudanganyaka padri kama niko nakuya kukuombea kila juma, na sikufikaka hata siku moya!”

Dirisha likafunguka.

“Mama Bea, banasafisha tu saluni,” alisema Papa Ilunga, hai kabisa.

Nyuma yake alisimama padri, aliyekwisha kufika kabla yangu, chupa ya mafuta mkononi.

“Endelea, mama. Tuko tunasikia.”