Fromaji ya Muganga

Juzi, kwenye kituo cha afya hapa Masisi, nilikuwa nangojea zamu yangu. Muganga alimwonyesha papa mmoja, mzee mfugaji wa kijiji cha Kingi, karatasi ya vipimo vya damu yake. "Papa, kolesteroli iko juu sana. Mafuta inafunga mishipa ya moyo. Fromaji, hii jibini yenu, uache kabisa."

Papa akainama, akatoa fromaji nzima kwenye kitunga. "Nilikuletea hii. Singeweza kuja mikono mitupu."

Muganga akashika kichwa. Kisha akaikata, na kipande cha kwanza akampa papa, maana huku zawadi hailiwi bila mwenye kuileta. Papa akala.

Cha pili akaninyooshea mimi. Karatasi yangu ya damu, mbaya kama yake, ilikuwa mfukoni. Nikapokea.

Tutakufa, ila hakuna atakayesema tulikosa adabu.