Jani la sale kutoka kwa mzee

Kumbe mzee wangu kasoma kitabu nilimomchora kama zimwi!

Ni kile cha katuni, cha utoto wangu pale mtaani Sakina: fimbo zake, mimi kutoroka, kulala juu ya marobota ya mitumba. Nilimficha asikione. Dada yangu kampelekea.

Leo asubuhi nasikia hodi. Mzee huyo, kitabu kwapani.

"Shikamoo baba."



Mimi, mtu mzima wa miaka arobaini, macho yanatafuta mlango wa nyuma!

Akaninyooshea jani la sale.

Wachaga mnajua: ukiletewa hilo umeombwa msamaha, na halikataliwi. Lakini baba kumletea mwanawe? Mmeona wapi?

Nikalipokea kwa mikono miwili, machozi hayo.

"Sasa kamalizie kitabu na hili," akasema. "Na hiyo pua yangu uipunguze."