Kokoto Nilizoziosha

Ipo siku moja ambayo hunirudia kila nimwonapo mtu ameshika brashi ya kusugulia huku anatabasamu. Jana, mwanangu, ilinirudia tena. Ulikuwa unanisimulia utakayoyafanya ukifika kituo chako kipya huko Bahi. Ulisema umepewa zahanati uisimamie, na kwamba wiki ya kwanza ni ya kusafisha: makabati ya zamani nje, madaftari ya zamani nje, na wale wahudumu wawili wazee wanaochelewesha kazi nao nje. Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa namwona msichana wa miaka ishirini na mmoja, amekunja mikono ya blauzi, ana ndoo mbele yake, na raha imemjaa kifuani. Msichana huyo nilikuwa mimi.

Basi nikueleze. Usinikatize, maana nikikatizwa hurudi mwanzo, unanijua.

Baba yangu, Mzee Ndahani, alikuwa mtu wa maji. Miaka mingi alifanya kazi kwenye mitambo ya kuchuja maji kando ya bwawa moja dogo nje ya mji. Alitunza matangi ya mchanga: maji ya matope yanaingia juu, yanashuka polepole katikati ya mchanga, yanatoka chini yanafaa kunywewa na mtoto. Kisha ikaja ile miaka ya mageuzi, soko likawa huria, maduka ya Majengo yakajaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, na huko makazini watu wakaanza kupunguzwa. Asubuhi moja wafanyakazi waliitwa uwanjani wakasomewa majina. La baba lilikuwamo. Alirudi nyumbani na mwavuli wake na kikombe chake cha chai, akavitundika vyote viwili ukutani, akaketi. Alikaa hivyo karibu mwaka mzima.

Mtu akiachishwa kazi, mwanangu, hupungua hata kama anakula ugali ule ule. Majirani walianza kusema Ndahani amekwisha. Waliyasema kwa upole, na huo upole ndio uliomuumiza zaidi.

Kilichomwinua ni samaki. Mvua za mwaka ule zilikuwa za kutosha, mbuga za Bahi zikajaa, na maji yalipoanza kukauka rafiki yake wa huko akamletea ndoo yenye perege wadogo sita na kambare mmoja mwenye sharubu, waliokuwa wamebaki kwenye dimbwi. Mama akauliza kama wanakaangwa au wanapikwa mchuzi. Baba akasema hawa ni wa kutazamwa. Mama alimwangalia kwa muda, kisha akaenda kupika maharage.

Baba akatafuta vioo, akavigundisha, akapata tangi refu la kuweka sebuleni. Wengine wangeishia hapo. Yeye alitengeneza na la pili, fupi, akaliweka chini ya meza iliyobeba lile la kwanza. Karibu na ukingo wa tangi la juu fundi wa vioo alimtobolea tundu, likapitishwa bomba, hivyo maji yakifika usawa ule yanashuka yenyewe hadi chini. Lile la chini aliligawa vyumba vitatu kwa vipande vya kioo. Chumba cha kwanza alitia vipande vya godoro la sponji, vinase uchafu mkubwa. Cha pili alijaza kokoto za korongoni na vipande vya tofali la kuchoma. Cha tatu alikiacha kitupu, akaweka pampu ndogo aliyoing'oa kwenye feni mbovu ya kupoza hewa kwa maji, na hiyo ndiyo iliyorudisha maji juu. Tangi la chini hakulijaza. Aliacha shubiri nzima, kwa sababu umeme ukikatika maji yaliyo njiani yote hushuka, nayo hutaka pa kukaa. Hata bomba la kurudishia alilitoboa kitundu kidogo karibu na uso wa maji, ili pampu ikizimika livute hewa, lisinyonye tangi la juu likalimwaga chini. Mji wetu ulikuwa na mgawo wa maji na mgawo wa umeme, na baba alijenga kwa kuijua migawo yote miwili.

Kisha akangoja. Wiki kadhaa aliweka kambare peke yake, perege wakingoja kwenye beseni analolibadilisha maji kila siku, anasema maji ya tangi bado machanga. Zile kokoto zilipoanza kuvaa utelezi wa kahawia, ndipo akawaingiza perege. Kila asubuhi alichutama pale chini ya meza, anatia mkono, anapapasa. Akawa na pa kwenda asubuhi, ijapokuwa ni hatua nane kutoka kitandani.

Habari zikafika kwa Bi Saumu. Huyu alikuwa mjane wa watu wa zamani wa mji, wale ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara wakabaki, na alikuwa anajenga nyumba ya wageni kwa ajili ya wabunge na watumishi wanaofurika wakati wa vikao. Alitaka tangi kubwa la samaki pale wageni wanapopokelewa, na alitaka mtu wa kulijenga na kulitunza siku zote. Akatuma salamu kwamba Jumapili atakuja kuona la kwetu. Baba alikwenda kunyoa ndevu papo hapo, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Mimi nilikuwa likizo kutoka chuo cha uuguzi, mwaka wa pili. Mwaka wa pili ni mwaka mbaya, mwanangu. Wa kwanza mtu bado anaogopa, wa tatu ameanza kuona asiyoyajua, lakini wa pili anajua kila kitu. Nilikuwa nimefundishwa kuchemsha mikasi na kuua vijidudu popote vilipo. Kwamba vipo vijidudu vya kufuga, ama hatukuwa tumefika, ama siku hiyo nililala darasani.

Jumanne baba alikwenda Kibaigwa kumzika binamu yake. Nikabaki na mama, na Jumatano mama alipokwenda sokoni nikabaki na lile tangi. Nikachutama kama baba, nikachungulia. Lo, ule utelezi, na ile sponji iliyogeuka rangi ya matope. Nikawaza Bi Saumu mwenye kanga zinazonukia udi ainame aone vile. Nilimpenda baba yangu, nataka ulishike hilo. Yote niliyoyafanya niliyafanya kwa kumpenda.

Nikazima pampu. Nikatoa kila kokoto na kila kipande cha tofali, nikaloweka kwenye klorini ya unga iliyobaki tangu wakati wa kipindupindu, nikasugua moja moja kwa brashi, nikasuuza kwa maji yetu karibu yote ya pipa, nikaanika juani. Sponji nilizitupa, nikakata mpya. Alasiri nilirudisha kila kitu, nikawasha pampu, na maji yakapita yanang'aa. Samaki walikuwa wazima. Nilikaa nikitazama kazi yangu kama bibi harusi anayetazama hina yake.

Baba alirudi Alhamisi mchana. Nilimpa shikamoo, nikapokea mfuko wake, nikamsindikiza hadi kwenye tangi nipate sifa zangu. Akaangalia juu, akachutama, akatia mkono chini, akatoa kokoto moja. Akaisugua kwa kidole gumba. Ikalia, kama sahani iliyooshwa vizuri.

"Nani ameosha?"

"Mimi, baba."

"Kwa nini?"

"Zilikuwa chafu, baba. Zinateleza."

Aliirudisha ile kokoto mahali pake taratibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo wa baba haukuja siku ile. Alisema tu, "Haya. Tutafute maji."

Baadaye ndipo nilipoelewa. Ule utelezi ndio uliokuwa unafanya kazi. Samaki hula, hujisaidia, na uchafu wao huoza ukawa sumu ndani ya maji yale yale wanayovuta. Wale wadudu wasioonekana, waliojenga juu ya kokoto kwa wiki nyingi, ndio walioila ile sumu. Sponji na tofali zilikuwa nyumba tu. Mimi niliacha nyumba, nikaua wenyeji. Maji yalikuwa meupe kwa macho na yanazidi kuwa machungu kila saa, na dawa pekee ilikuwa kuyapunguza kila siku na kuweka mengine.

Na wiki ile bomba halikutoa maji. Pipa nilikuwa nimelimaliza kusuuzia. Ijumaa baba alichukua ndoo, akatembea hadi kwenye mitambo yake ya zamani, ili aombe kokoto chache zenye utelezi kutoka kwenye chujio, ziwe mbegu. Nilikwenda naye. Mlinzi wa getini alikuwa mtu tuliyemfahamu.

"Mbukwa, Mzee Ndahani," alimsalimia kwa Kigogo, na akatazama chini. "Mzee wangu, nisamehe. Wameagiza asiye mfanyakazi asipite. Hata wewe."

Baba alimwitikia salamu yake, akamuuliza hali ya watoto, akageuka na ndoo tupu. Njia nzima alitangulia na ndoo ile. Nilitamani anipige, mwanangu. Ningejisikia nafuu.

Jumamosi perege walikuwa juu wanahema kwa midomo. Jirani yetu alikuwa na madumu matatu aliyoyapata kwa kupanga foleni tangu alfajiri. Nikamwambia baba niende nimwombe. Akakataa.

"Yale ni maji ya watoto wake. Siwezi kumnyang'anya mtoto nikampa samaki."

Jumapili asubuhi tuliwatoa perege wanne waliokufa. Wa tano alikufa Bi Saumu akiwa mlangoni anabisha hodi. Alipoingia, wa sita alikuwa amelala ubavu, na kambare pekee ndiye aliyekuwa bado anatembea chini, kwa kuwa kambare huweza kupanda juu akameza hewa. Bi Saumu alikuwa mtu wa adabu. Aliketi, akanywa chai, akasifu mandazi ya mama. Kisha akauliza, "Kumetokea nini, Mzee?"

Nilikuwa nimesimama na birika. Ilikuwa nafasi yangu. Maneno yalikuwa tayari, manne tu: ni mimi, si yeye. Sikuyasema. Nilimwangalia baba yangu, naye akasema, "Maji yangu yalikuwa machanga, Bi Saumu. Niliharakisha."

Akaelewa alivyoelewa. Aliaga vizuri. Nyumba yake ya wageni ilipofunguliwa, pale palipokusudiwa samaki paliwekwa televisheni, na baba hakuajiriwa tena na mtu yeyote hadi alipofariki. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini mjukuu huyu wangu sasa ana mvi.

Kesho yake aliniita tukachutama wote wawili chini ya meza. Akanipa kokoto moja nyeupe mkononi.

"Siku waliposoma majina yetu," alisema, "yule mkubwa mpya alituambia anasafisha ofisi. Mimi sikumchukia. Alikuwa mgeni, hakujua tulichokuwa tunakifanya. Alituona tumechakaa tu." Akagusa kioo cha tangi la chini. "Lakini wewe, Yunisi, ulikuwa unaniona kila asubuhi nimetia mkono humu. Hukuniuliza hata siku moja ninapapasa nini."

Nililia. Yeye hakunibembeleza na hakuniongezea. Aliwasha pampu kwa ajili ya kambare mmoja, akaniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kwamba likizo yangu iliyobaki nitakuwa nachutama naye hapo kila asubuhi, natia mkono, bila kuosha kitu. Siku niliyofunga sanduku kurudi chuoni, kokoto zilianza kuteleza. Nilifurahi kwa utelezi ule kuliko nilivyofurahia cheti changu.

Kwa Bi Saumu sikwenda kusema ukweli. Nilijiambia nitakwenda likizo ijayo, kisha ijayo, hadi akafa yeye na baba akamfuata. Hilo nalo nakukabidhi ulijue, maana mkubwa anayetoa nasaha na kuficha nusu ya kosa lake anadanganya.

Sasa nasaha yangu ndiyo hii. Ukifika Bahi, usianze na brashi. Chutama kwanza. Wale wahudumu wawili wazee, kabla hujaandika barua yao, kaa nao mwezi mzima uone ni mama gani mjamzito anayewafuata wao tu, ni njia gani wanaijua mbuga ikijaa maji, ni nani kijijini humeza dawa kwa sababu wao wamemwambia ameze. Muulize kila mtu unayetaka kumwondoa: unapapasa nini? Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na mimi nakuongezea usiuoshe hadi ukapoteza uzi. Sisemi uache uchafu. Hata baba alikuwa anasafisha. Lakini alisafisha nusu, akaiacha nusu, na alisuuza kwa maji yale yale waliyoyazoea samaki. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, sema siku ile ile, anayestahili kuambiwa akiwa bado hai wa kukusikia na aliyeumizwa akiwa bado hai wa kusafishwa jina.

Nimekufungia kopo dogo mezani pale. Ni kokoto tatu kutoka tangi la baba. Miaka yote hii zimekuwa chini ya meza yangu, kwenye maji. Ziweke kwenye maji huko uendako, na usizioshe. Mungu akupe macho ya kuona kazi isiyong'aa, akupe ulimi mwepesi wa kukiri kosa, na mikono yako ibarikiwe, mwanangu, hasa siku itakapojizuia. Nenda salama.