Baada ya Jiwe la Thelathini na Moja

Wanangu mliozaliwa hapa Mwene-Ditu huniuliza tulitokaje Kolwezi, na siku zote nawajibu kwa mkato: kwa treni. Ni kweli, lakini kabla ya treni tulitembea siku tatu msituni, na safari ile sijaisimulia kwa sababu mimi mwenyewe sijaielewa. Leo nitaieleza jinsi ilivyokwenda. Atakayeielewa kunishinda, aje anieleze.

Sababu ya kuondoka mnaijua. Ulikuwa mwanzo wa miaka ya tisini. Migodi ilikuwa imeanguka, mashine zimenyamaza moja baada ya nyingine, na watu wenye njaa wakaambiwa kwamba njaa yao tumeileta sisi tuliotoka Kasai. Mimi sikutoka Kasai, ila ukoo wetu tu. Nilizaliwa Kolwezi, kule kule Katanga, katika nyumba ya kampuni, nikasoma pale, nikaoa pale, na kazi yangu ilikuwa kupaka namba kwenye mabehewa ya madini. Hata hivyo vijana walipita mtaani wakatuita bilulu, yaani wadudu, wakatia alama nyekundu kwenye milango yetu na kutupa muda hadi Jumapili tuwe tumetoka. Mmoja wao mimi ndiye niliyemsimamia ubatizo. Alama ya mlangoni kwangu aliichora vibaya, rangi ikachuruzika hadi chini, na nitasema ukweli: kilichoniudhi kwanza ni ule upakaji. Uchungu ulikuja baadaye.

Wenzetu wengi walikimbilia stesheni kungoja treni za kuwarudisha “kwao”. Nilikwenda kuona. Watu walikuwa wamelala juu ya saruji wiki nyingi, chini ya vipande vya turubai, na watoto wao walikuwa wanakufa kwa kuhara. Nilimfikiria binti yangu Godé, aliyekuwa na miaka sita, nikarudi nyumbani.

Nyumbani tulikuwa wanne: mimi, mke wangu ambaye wote tulimwita Mama Godé, Godé mwenyewe, na baba yangu, Tata Kabeya. Ujana wake wote baba alifanya kazi na wapimaji wa ardhi. Wazungu walipopima eneo la kampuni, yeye ndiye aliyevuta mnyororo wa kupimia msituni na kusimika mawe ya saruji, kila jiwe na namba yake. Mawe yale yalikuwa mpaka. Ndani ilikuwa kampuni, nje ilikuwa nchi ya chifu, na zamani hizo mfanyakazi hakuvuka bila karatasi. Kando ya mawe ilipita barabara ya magari ya wapimaji. Miaka ile ya kufukuzwa hakuna aliyekumbuka tena mpaka wala barabara, isipokuwa yeye.

“Mi siendi ku gare,” alisema nilipomweleza niliyoyaona stesheni. “Mi siko muzigo. Kuko njia ya mu pori, ya majiwe. Tutaifwata.”

“Inaenda wapi, Tata? Lubudi?” Nilijua treni za Kasai zinapita Lubudi, na kule kuna mashamba, mtu hafi njaa akizingoja.

“Inafika,” alisema.

Nikatosheka. Mtu aliyesimika mawe kwa mikono yake mwenyewe, utamwuliza njia mara mbili?

Jumamosi alfajiri tulitoka. Nilibeba cherehani ya mke wangu begani, yeye akabeba unga na sufuria, Godé akabeba mwanasesere wake wa kitambaa. Hapo mlangoni tu, mambo yakaanza kunichanganya. Kwetu mtu haondoki kwa safari kubwa bila mzazi kumpaka lupemba, ile chokaa nyeupe ya baraka, kwenye paji la uso na kifuani. Sisi ni Wakatoliki, lakini lupemba ni lupemba. Mama Godé alisimama mbele ya baba, ameinamisha kichwa, akingoja.

“Bado,” alisema baba, akampita.

Mke wangu aliniangalia. Nikainua mabega. Makaburi ya wafanyakazi yako pale pale barabara ya zamani inapoanza, na mama yangu amelala pale, chini ya mikaratusi. Baba alipita bila hata kugeuza shingo. Mume aliyeishi na mkewe miaka arobaini, anamwacha moja kwa moja, hata kwaheri hasemi. Nilimwonea hasira, nikaongeza mwendo.

Hatua mia chache kutoka makaburini tulikuta jiwe la kwanza. Lilikuwa limefunikwa na kuvu. Nilitoa kisu nikalikwangua, namba ikatokea safi: 1. Moyo wangu ukatulia kidogo. Sisi watu wa kampuni, kitu kikiwa na namba tunakiamini.

Karibu na jiwe hilo aliishi mjane mmoja mchoma makaa, Mama Kayombo, mwenyeji wa nchi ile. Tanuri lake la udongo lilikuwa linatoa moshi. Alitutazama, akaitazama mizigo, hakuuliza kabila. Alitupatia viazi vitamu na maji.

“Munaenda wapi, tata?”

“Lubudi,” nilisema. “Tunafwata majiwe.”

Alicheka kidogo, si kwa ubaya. “Majiwe? Ile majiwe inazungukaka tu. Mi nakataka miti huku myaka yote. Ukiifwata, utarudia tu hapa pa mulango yangu.”

Nilimgeukia baba. Baba alikuwa anamenya kiazi, kana kwamba hatukusema kitu. Basi nikawaza: huyu mama ni wa huku, wenzake ndio wanaotufukuza. Anataka turudi tukakamatwe, au anataka cherehani yetu. Niliona haya baadaye kwa mawazo hayo, lakini siku zile ndivyo tulivyokuwa. Aliyekuonyesha njia ya kweli ulimwona mwongo, na kipande cha saruji ukakisadiki. Mama Godé ndiye aliyeamua kumwachia cherehani, kwa kuwa ilikuwa inanivunja bega. “Akiiba, ameiba,” alisema. “Mgongo wa bwana yangu siupati pengine.”

Mchana tulitembea vizuri. Barabara ilikuwa imejaa majani mpaka kiunoni, miti imeota katikati, lakini ukitazama kwa makini uliona mifereji miwili ya magurudumu ya zamani. Mawe yalikuja moja moja: la nne, la tano, la sita. Godé alikuwa anakimbia mbele kuyatafuta na kusoma namba kwa sauti. Ilikuwa masika, mawingu yameshuka juu ya miti, jua hatukuliona kabisa. Saa kumi tulisikia king’ora cha kampuni, ambacho bado kililia ingawa hakuna aliyekwenda kazini. Kilitoka mkono wa kulia. Sikujali.

Jumapili asubuhi, kwenye jiwe la kumi na tatu, king’ora kililia tena. Mkono wa kulia.

“Tata,” nilisema, “Kolwezi tumeiacha nyuma. Mbona inalia pembeni?”

“Upepo,” alisema.

Hakukuwa na upepo. Majani hayakutikisika. Nilitaka kusema, lakini yeye alikuwa ameshatangulia, fimbo mkononi, anatembea kama kijana. Mtu ambaye Kolwezi alishindwa kufika sokoni bila kupumzika mara tatu. Hilo nalo sikulielewa.

Adhuhuri tulifika jiwe la kumi na tisa. Lilisimama ukingoni mwa bonde la majimaji. Baba aliliona, akakaa chini, akalia. Mimi sijawahi kumwona baba akilia, hata siku ya kumzika mama. Alinishika mkono akaniita Ilunga. Ilunga ni mdogo wake, aliyekufa kabla sijazaliwa.

“Hapa njo tulilala, Ilunga, ndipo hapa,” alisema. “Muzungu alilala mu hema, siye mu mvua. Unakumbuka?”

“Nakumbuka,” nilisema. Ningesema nini?

Mama Godé alinivuta pembeni. “Baba yako amepotea,” alinong’ona. “Akili yake imepotea, na sisi tumepotea nayo. Turudi.”

“Turudi wapi? Leo ni Jumapili.” Siku ya mwisho tuliyopewa ilikuwa ile. Tukasimama pale, unga umebaki wa siku moja, mtoto amekaa juu ya jiwe anachezea mwanasesere, na mimi sikujua kama niko mbele au nyuma ya kitu chochote. Niliogopa. Mwisho baba alijifuta macho, akaniita kwa jina langu, akasema twende. Tukamfuata, kwa sababu namba ishirini ilikuwa inaonekana kwa mbali, na ishirini huja baada ya kumi na tisa.

Jumatatu alasiri tulifika jiwe la thelathini na moja. Godé akakimbilia linalofuata. Tulimwona ameinama, halafu hakusoma. Akarudi ameshika mdomo.

“Papa, imeandikwa moja.”

“Soma vizuri. Thelathini na mbili.”

“Moja.”

Nilikwenda mwenyewe. Ilikuwa moja. Kwanza nilijidanganya: labda ni mstari mwingine unaanza, wa Lubudi. Kisha nikaona kuvu limekwanguliwa kwa kisu, na kisu kilikuwa changu. Nikainua macho, nikaona mikaratusi ya makaburini, na mbele kidogo moshi wa tanuri la Mama Kayombo. Nilikaa chini. Siku tatu, na mtoto mdogo, na mzee, tumezunguka kama punda wa kinu.

Baba alikuwa ameegemea lile jiwe. “Tumefika,” alisema.

“Ulijua?”

Alipapasa ile namba kwa kidole gumba.

“Tata, ulijua inazunguka?”

“Nilivuta munyororo yote, shoka langu njo lilikata njia. Nitakosa kujua?”

Nilimpigia kelele. Sitaficha, nilimtolea baba yangu maneno ambayo mtoto hasemi, mbele ya mkwewe na mjukuu wake. Alisubiri nimalize.

“Banasema hapa siyo kwenu,” alisema. “Sasa umeizunguka yote na miguu yako. Yule kijana wa rangi ku mulango yako, yeye aliizunguka?”

“Sasa juu ya nini haukusema mapema, kwamba hautaki kuondoka?”

“Ningesema, ungenibeba mpaka ku gare. Ama ungebaki juu yangu, na bangekuua.”

Mama Kayombo alikuwa ametusikia. Alikuja na sufuria ya bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, ya watu watano. Alikuwa ametungoja tangu mchana. Alituambia kwamba Jumapili ilikuwa mbaya. Mtaa wetu ulivamiwa, milango yote yenye alama ilivunjwa, watu wakapigwa, wengine hawakuamka. Sasa askari walikuwa wamefika kulinda stesheni, na treni ilisemekana iko njiani. Nilimtazama baba. Je, hilo pia alilijua? Alitutoa nyumbani Jumamosi na kuturudisha Jumatatu. Nilimwuliza. Aliendelea kula. Mpaka leo sijui kama alitupoteza, au alituficha, au alitaka tu kuona jiwe la mdogo wake. Huenda yote matatu.

Jumanne asubuhi tulijitayarisha kwenda stesheni. Cherehani ilikuwa mahali tulipoiacha, imefunikwa kwa gunia ili umande usiipate. Mama Kayombo alisema mzee atabaki kwake. “Bakiuliza, nitasema ni tata ya bwana yangu. Nani atauliza mukwe wangu maneno?” Nilitaka kumshukuru na kumwomba radhi kwa niliyoyawaza, nikashindwa kuanza, nikamsaidia tu kufunika tanuri kwa udongo. Nadhani alielewa.

Tulipokwisha kubeba mizigo, baba alituita. Alitia mkono kwenye mfuko wa koti, lile koti moja alilolivaa tangu Jumamosi, akatoa kifurushi cha karatasi. Ndani kulikuwa na kipande cha lupemba. Karatasi ilikuwa imelainika kwa mvua za siku tatu. Mama Godé aliona kabla yangu, akafunika uso akaanza kulia, kwa maana alikumbuka lile neno la mlangoni: bado.

Alitupaka mmoja mmoja, kwenye paji na kifuani. Godé wa mwisho.

“Sasa njo munaenda,” alisema.

Tukaenda. Njia nzima ya treni Mama Godé hakumruhusu mtoto apanguse uso. Tulifika hapa Mwene-Ditu, ndani ya Kasai, kwa ndugu ambao hatukuwajua, na wao wakatuita watu wa Katanga. Baada ya miaka miwili fundi mmoja wa reli alituletea habari: mzee amekufa kitandani, na yule mjane amemzika kando ya mama yangu, chini ya mikaratusi, pasipo mtu kumwuliza kitu.

Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mimi nilichookota ni hiki: mpaka wa nchi niliyofukuzwa naujua jiwe kwa jiwe, na nikifumba macho naweza kuwapeleka kuuzunguka wote. Mengine bado yananichanganya.

Kipande cha lupemba kilichosalia siku ile baba alinitilia mkononi. Kiko kabatini, ndani ya kopo la sukari. Nimesikia mnaongea usiku na mchana kwamba mtaondoka, mmoja Lubumbashi, mwingine Angola. Sawa. Siku mtakayoondoka kweli nitakitoa. Na nisipokitoa, jueni kwamba bado hamjaondoka.