Kidole Alichotuficha Mzee wa Vifaranga

Jumamosi asubuhi nilipigiwa simu kutoka Mpemba, nje kidogo ya mji wetu wa Tunduma, kwamba yule mzee wa vifaranga amefariki. Ninyi mnaonisoma siku zote mnamfahamu, kwani niliwahi kumsifu hapahapa: mtu aliyeweka mashine ya kutotolesha mayai kwenye chumba cha uani, akauza vifaranga wa kienyeji Tunduma nzima na hata kwa watu wa ng'ambo ya mpaka. Najua marehemu hasemwi vibaya. Leo nitamsema, kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu ameniachia uchungu ambao sijui niupeleke wapi.

Watu walipomwuliza vifaranga wasio na mama watajuaje kula, alikuwa akicheka na kumweka mmoja chini. Kifaranga ambaye hajawahi kumwona kuku mkubwa anarudisha mguu nyuma, anakwangua, anatazama alichokwangua. "Mmeona? Nani kamfundisha huyu? Kuchakura ni damu. We mpe joto na chakula, mengine anajua mwenyewe." Maneno hayo yalinikolea. Niliyaleta kwenye safu hii, nikayafanya somo kwa vijana wanaongoja kushikwa mkono kila hatua, na mzee alifurahi sana. Wateja wapya walifika kwake wakiwa na gazeti kwapani.

Binti wa dada yangu naye alisoma. Alikuwa akiuza nyanya mpakani na amechoka na jua na kufukuzwafukuzwa, basi akaacha, akajenga banda, akachukua vifaranga kwa mzee. Walichakura kutwa nzima, ungewaona ungesema hawa hawatalala njaa. Baada ya siku chache wakaanza kuinamisha vichwa na kufa. Alipompasua mmoja alikuta firigisi imejaa maranda yaliyotandikwa bandani, na chenga za mahindi zipo palepale kwenye sahani. Tulikwenda naye kwa mzee. "Damu ya hao ilikuwa dhaifu, mwanangu," alisema kwa upole, "chukua wengine." Akachukua wengine, nao wakafa vilevile. Majirani wakaanza kunong'ona kuwa binti ana mkosi, na kilichoniuma zaidi ni kwamba mwenyewe aliamini. "Mjomba," aliniambia, "labda mimi kitu hakikui mkononi mwangu. Nirudi tu kwenye nyanya."

Msibani nilikwenda naye. Tuliporudi kutoka makaburini, mjane alikumbuka kuwa kuna vifaranga wapya wamo ndani ya boksi na hakuna aliyewaangalia. Alitandaza gazeti, akamwaga chenga, akapiga magoti na kanga yake ya msiba, akaanza kugonga chini kwa ukucha: ko, ko, ko. Vifaranga wote wakakimbilia ukucha ule na kudonoa pale ulipogonga. Mmoja alikuwa pembeni akila maranda. Mjane akamgongea mbele ya mdomo mpaka akayaacha, akafuata punje.

"Mama, unafanya nini?" binti yetu aliuliza.

"Nawaonyesha chakula. Kuchakura wanajua, ila hawajui kipi ni cha kula. Mama yao angewadonolea wamwige. Hawa mama yao ni kidole. Mzee alifanya hivi kila asubuhi kwa wale anaobaki nao. Hakuwaambia?"

"Hakutuambia," nikajibu. "Kwa nini atufiche?"

Aliokota kifaranga kimoja akakirudisha kwenye punje. "Ndugu yangu, wa kwenu wangekua, wangetaga, wangeatamia. Nani angerudi hapa?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu aliyeninywesha chai barazani kwake alitupa nusu ya ukweli, akaiacha nusu nyingine chini ya ukucha wake, na kwa nusu hiyo alimtazama mtoto wa dada yangu akijilaumu. Nimekasirika, na kaburi halijibu. Tangu siku ile nawasikia wenzake kila mahali hapa mjini. Fundi wa malori anamwambia kijana wake "utazoea tu", kisha anageuza mgongo anapokaza ile nati yenye siri. Wakala wa mizigo mpakani anamsifu mgeni kuwa ana akili ya kazi, halafu anamwacha akosee mbele ya mteja. Tunasifu vipaji vya watoto wa watu ili tusiwafundishe, na wakianguka tunasema damu yao dhaifu.

Niliyokuwa nimeandaa kusema kwenye rambirambi sikuyasema. Binti wa dada yangu alikuwa amepiga magoti kando ya mjane. Aligonga kwa ukucha wake mara moja, kwa woga, kisha tena, na vifaranga wakaja kwake. Akaangua kilio kikubwa, waombolezaji wakamkimbilia na kumshika mabega, wakimwambia apoe, mzee amepumzika. Hakuwa akimlilia mzee. Basi wewe unayemsifu mtoto wa mwenzio kwamba anachakura, piga magoti kwanza umwonyeshe punje.