Majani Pale pa Aliko

Kijiji kizima cha Busale kilimjua Felista kwa usafi. Mgeni aliyekuta jani limelala uani kwake alijua kwamba mwenye nyumba anaumwa.

Mwanawe wa pekee, Aliko, alirudi kutoka chuoni Mbeya na mchezo ambao mama hakuuelewa upesi. Mtu anaficha kikasha, anatangaza kwenye mtandao mahali kilipo, na mwingine asiyemjua anakuja kukitafuta kwa simu inayomwelekeza. Akikipata, anaandika jina lake kwenye karatasi iliyomo, anakirudisha, anakwenda zake.

"Sasa raha iko wapi?" Felista aliuliza.

"Raha ni kukipata, mama."

"Basi mimi nacheza kila siku. Natafuta jembe ulikolitupa."

Aliko alificha cha kwake, kopo la plastiki, chini ya jiwe, nyuma ya migomba, kando ya njia ya mtoni. Mwaka uliofuata, figo zikamwondoa.

Baada ya msiba watafutaji waliendelea kufika, mmoja mmoja, wakiwa njiani kwenda Matema ziwani. Walipiga hodi kuomba maji, wakasema, "Tumekipata kikasha cha Aliko." Majirani walikuwa wameacha kulitaja jina hilo mbele yake, kwa kumhurumia. Wageni walilitaja bila woga. Felista aliwapa ndizi, kisha akawauliza tena wamepata cha nani, ili walitaje mara ya pili.

Kwa shukrani akaanza kupalilia kuzunguka jiwe. Akafagia, akapanda maua. Watu wakapaita pale pa Aliko. Mpita njia mmoja akaliona jiwe lililopambwa, akachungulia chini yake, akaondoka na kikasha. Kuiba kopo la plastiki ni wizi uleule. Asiyejua thamani ya kitu hana ruhusa ya kukichukua.

Godwin, rafiki wa Aliko aliyebaki akikisimamia kikasha huko mtandaoni, alikuja na kingine. Alipoyaona maua akashika kiuno.

"Mama, nani amefagia hapa?"

"Mimi. Ulitaka niache pawe pori?"

"Pori ndilo linalokificha."

"Basi kifiche kwingine."

"Mahali hapa alipachagua Aliko mwenyewe. Nikikihamisha kitakuwa changu. Na kikiibiwa tena, itabidi nikifute kwenye ramani. Hatakuja mtu. Usifagie, mama, na usimwambie yeyote sababu."

"Ndaga, mwanangu," alimshukuru.

Maua aliyang'oa kwa mikono yake. Mvua za Kyela hazibembelezwi. Msimu ule ule majani yakafika magotini.

Siku ya kumkumbuka Aliko, ndugu wa mume wa Felista walikuja. Wifi yake, Subilaga, alisimama njiani, akajifunga kanga vizuri.

"Wifi, pale pa mtoto umewaachia nyoka?"

"Ni mvua, wifi."

"Mvua! Na uani kwako hainyeshi? Nimepita hapo, hata ukoka sikuona. Nipe panga nifyeke mimi."

Felista akasimama mbele yake. "Hakuna kufyeka hapo."

"Kwa nini?"

Watu walikuwa wameacha mazungumzo yao, wote wakisikiliza. Huenda aliyechukua kile kikasha alikuwamo. Felista aliwatazama usoni, mmoja mmoja.

"Nimechoka," akasema.

"Umechoka na mwanao," Subilaga alisema, kwa sauti ya kuwatosha watu wote.

Ni tabia mbaya tuliyojizoesha, kuupima uchungu wa mzazi kwa macho yetu, kisha kutoa hukumu kabla ya kula chakula chake. Siku ile walifanya hivyo hivyo. Felista alipakua wali, akawagawia, akaketi peke yake karibu na mafiga. Wifi yake alisukuma sahani pembeni bila kuigusa. Wengine walikula wakiwa wamempa mgongo, wakizungumza habari za kakao, na jina la marehemu hakulitaja mtu.